Ndege Iliyokuja Ziwani Ndani ya Makasha

Ndege nne za majini aina ya Short 827 zilizofika Ziwa Tanganyika mwaka 1916 hazikufika zikiwa ndege. Zilifika zikiwa mbao, nyaya, vitambaa vya kitani, maboya na injini, vyote vimefungwa ndani ya makasha, na ndege yenyewe ilipatikana ukingoni mwa maji baada ya makasha kufunguliwa na vipande kuungwa. Waandishi wengi wa historia ya vita huipita hatua hiyo kwa sentensi moja ili wayawahi mabomu. Makala hii inakaa hapo hapo wanapopita haraka. Hoja yake ni kwamba vita vya Ziwa Tanganyika, tangu 1914 hadi 1916, vilikuwa vita vya kubeba vipande na kuviunga, na kwa sababu hiyo ufundi wa kuunda modeli ndogo za ndege, ambao wengi huuona kuwa mchezo wa watoto, unatufikisha karibu na ukweli wa vita hivyo kuliko ramani za mishale na orodha za makamanda. Anayefungua sanduku la modeli, akatandaza vipande mezani na kujiuliza kipi kinatangulia, anafanya kwa udogo kazi ile ile iliyofanywa Mtoa, ukingoni mwa ziwa hilo, mwezi Mei 1916.

Tuanze na adui aliyewindwa na ndege hizo, kwa kuwa naye alikuja hivyo hivyo. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen iliundwa Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, mwaka 1913. Ilipokamilika ilifumuliwa, ikatiwa katika makasha yanayotajwa kufikia 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikaingizwa bara kwa Reli ya Kati ambayo ilikuwa inafika Kigoma wakati huo huo, mwanzoni mwa 1914. Mafundi watatu kutoka Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walisimamia kazi ya kuiunga upya, ribiti kwa ribiti, pamoja na wafanyakazi wa Kihindi na Kiafrika, hadi ikashushwa majini Februari 1915. Kabla yake kulikuwa na Hedwig von Wissmann, iliyofika ziwani nayo vipande vipande. Waingereza walileta boti mbili za mwendo kasi, Mimi na Toutou, na hizo zilikuja zikiwa nzima. Kuja kwao nzima kulidai reli kutoka Cape hadi Katanga, kisha mashine za mvuke na mafahali wa kuzikokota katika milima ya Mitumba, kisha mto Lualaba, kisha reli tena. Safari hiyo ilikula karibu nusu mwaka wa 1915. Boti hizo zilipoingia ziwani Desemba ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani siku ya pili ya Krismasi, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Lakini Götzen, meli ya mita 71 yenye mzinga wa sentimita 10.5 uliookolewa kutoka manowari Königsberg, ilikuwa kubwa mno kwao, na kamanda wao Geoffrey Spicer-Simson hakuthubutu kuishambulia. Hapo ndipo Wabelgiji, watawala wa Kongo, walipotegemea ndege.

Mzinga huo wa Königsberg unatupeleka Rufiji, na hatuwezi kuiruka Rufiji, kwa maana huko ndiko ndege ya majini ilikojaribiwa kwa mara ya kwanza katika vita vya Afrika Mashariki, na ndiko gundi ilikoshindwa. Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika mikoko ya delta ya Rufiji. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini. Walimwajiri rubani raia kutoka Durban, Dennis Cutler, mwenye ndege ya Curtiss, aliyekuwa akiruka kutoka kisiwa kidogo cha Niororo karibu na Mafia. Rejeta ya ndege yake ilipovuja, ilibidi manowari itumwe Mombasa kutafuta nyingine, na iliyorudi nayo ilitolewa katika gari la Ford. Kwa rejeta hiyo ya gari Cutler aliruka tena na kuiona Königsberg, na Desemba injini ilipomwangusha akatekwa. Februari 1915 zikaja ndege mbili za Sopwith. Joto na unyevu vikalegeza gundi, maboya yakaanza kuachana, injini zikashindwa kuinua rubani, mtazamaji na mabomu kwa pamoja. Aprili zikaja ndege za Short zilizokwisha tumika, zikapiga picha za Königsberg lakini hazikuweza kupanda juu vya kutosha kukwepa risasi. Mwishowe, Julai 1915, manowari ndogo Severn na Mersey ndizo zilizoimaliza Königsberg, zikielekezwa kutoka angani na ndege za magurudumu zilizoruka kutoka uwanja uliofyekwa Mafia. Ndege za majini zilikuwa zimeshindwa, na zilishindwa pale viungo vinapokutana: gundi, mishono ya maboya, rejeta. Kila anayejua kuunda modeli anajua kwamba kazi huharibika hapo hapo, katika maungio, mara chache sana katika kipande chenyewe.

Short 827 ilikuwa ndege ya kawaida ya jeshi la majini la Uingereza, na pengine ndiyo sababu imesahauliwa. Ilikuwa na mabawa mawili juu na chini, la juu refu kuliko la chini, yenye upana wa mita 16 na kidogo. Urefu wake ulikaribia mita 11. Injini yake ya Sunbeam ilikuwa na nguvu farasi zipatazo 150, na mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 100 kwa saa. Watu wawili walikaa wazi, mmoja nyuma ya mwenzake. Chini ya tumbo kulikuwa na maboya mawili makubwa, kwenye ncha za mabawa maboya madogo, na chini ya mkia boya jingine. Msomaji wa Pwani ataelewa mara moja kazi ya yale madogo, maana ndiyo kazi ya matengo ya ngalawa: hayabebi chombo, yanakizuia kisilale upande mmoja. Ziliundwa zaidi ya 100, na si Short peke yao walioziunda. Viwanda vingine vinne vilipewa michoro na kazi, kikiwemo kile cha Sunbeam chenyewe. Ndege inayoweza kuundwa na viwanda vitano kwa mchoro mmoja tayari ni seti ya vipande. Kuipeleka Kongo kulikuwa kuendeleza tabia yake.

Njia ya Kongo siku hizo ilikuwa hivi. Meli ilileta mizigo kutoka Ulaya hadi Matadi. Hapo mizigo ikapanda reli hadi Kinshasa kuyapita maporomoko, ikashuka, ikapanda meli ya mto hadi Kisangani, ikashuka, ikapanda reli fupi hadi Ubundu, ikashuka, ikapanda boti hadi Kindu, ikapanda reli hadi Kongolo, boti tena hadi Kabalo, na mwisho reli iliyofika ziwani Kalemie mwaka 1915 tu. Tangu Matadi ni vipande saba vya safari, na kila kipande ni kupakia na kupakua kwa mikono. Boya la mbao nyembamba likidondoka mara moja tu katika mara zote hizo, ndege haina kazi. Hakuna maelezo ya ushujaa wa rubani yanayoweza kuifidia kazi hiyo. Na mahali pa kwanza walipoziunga, Mtoa, hapakuwa pageni kwa mizigo: ndipo misafara iliyovuka kutoka Ujiji ilipokuwa ikitua ng'ambo miongo kadhaa kabla, ikiwa na vitambaa na shanga, ikisema Kiswahili ambacho hadi leo kinasemwa pande zote mbili za ziwa. Ndege ilifuata gati la misafara.

Lakini Mtoa palikuwa na shida ambayo makasha hayakuileta. Tanganyika iko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi kuliko ya pwani, joto huifanya nyepesi zaidi, na injini inayovuta hewa nyepesi hutoa nguvu pungufu huku mabawa nayo yakikamata kidogo. Maji matamu nayo hubeba kidogo kuliko ya chumvi, hivyo maboya huzama zaidi na kuburuta zaidi. Juu ya hayo, Mei ndio mwanzo wa kiangazi, majira ambayo upepo wa kusini huvuma juu ya ziwa refu lisilo na kizuizi na kuinua mawimbi ya kuvunja maboya. Wabelgiji walihamisha ndege hadi Tongwe, ziwa dogo tulivu kando ya lile kubwa. Utulivu ukatatua jambo moja na kuleta jingine, kwani maji yaliyotulia mno huyang'ang'ania maboya, na ndege ya majini huhitaji vijiwimbi vidogo vya kuikwanyua. Kwa ndege ya tani moja na nusu yenye injini ya nguvu farasi 150, kila kilo ya bomu ilikuwa hoja ya kujadiliwa.

Hapa ndipo modeli inapokuja na manufaa yake, na hapa pia pingamizi la kwanza linaposimama. Atauliza mtu: kipande cha plastiki cha urefu wa kiganja kinanifundisha nini kuhusu hewa nyepesi? Kuhusu hewa, hakuna, na nakubali. Modeli haipimi nguvu ya injini. Inachopima ni uwiano, na uwiano ni jambo ambalo maandishi huliharibu sana. Kipimo kinachopendwa na waundaji wengi ni 1:72, kilichotokana na hesabu ya Kiingereza ya inchi moja kwa futi sita, kwa maneno mengine mtu mrefu mmoja kwa inchi moja. Kwa kipimo hicho Short 827 ina mabawa ya sentimita 23. Götzen kwa kipimo hicho hicho ina urefu wa karibu mita moja. Mtu ni sentimita mbili na nusu. Maji kati ya ng'ambo ya Mtoa na Kigoma, kilomita 100 na ushei, yanakuwa kilomita moja na nusu. Weka modeli ya ndege mezani, kisha tembea kilomita moja na nusu ukaweke ile ya meli, na mara moja utaelewa kwa nini watu wawili waliokaa wazi nyuma ya injini moja, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi juu ya mojawapo ya maziwa yenye kina kirefu kuliko yote duniani, hawakuhitaji adui ili wafe. Takwimu hizi zote zimo vitabuni. Zikiwa kwenye ukurasa, hazitembezi mtu.

Jambo la pili ambalo modeli hulilazimisha ni ushahidi wa picha. Mwandishi anaweza kuandika kwamba ndege ilikuwa na alama ya Ubelgiji akasonga mbele. Muundaji hawezi, lazima ashike brashi na kuchagua rangi. Anarudi kwenye picha, na picha za wakati huo ni nyeusi na nyeupe, tena zilipigwa kwa filamu ambayo haikuona rangi kama jicho linavyoona: nyekundu iligeuka karibu nyeusi, manjano ikafifia kuwa giza, buluu ikawa nyeupe. Mviringo wa Kibelgiji wa nyeusi, manjano na nyekundu unaweza kuonekana katika picha kama doa moja la giza. Ndege iliyoazimwa kutoka Uingereza na kupakwa upya inaweza kudhaniwa haikupakwa kabisa. Nguzo ngapi kati ya bawa na bawa? Nyaya zinapita wapi? Bomu lilining'inizwa wapi ili lisigonge boya likiachiwa? Kila swali la muundaji ni swali la mwanahistoria lililokosa mahali pa kukwepea. Wala kazi hii haikuwa mchezo mtupu siku zote: katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la majini la Marekani liliwataka wanafunzi wa shule kuchonga modeli za ndege kwa kipimo hicho cha 1:72, wakachonga kwa malaki, ili askari wajifunze kumtambua rafiki na adui kwa umbo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wanaozijua nyaraka. Watasema: ndege hizo hazikufanya lolote. Ni kweli kwamba tarehe 10 Juni 1916 Aimé Behaeghe akiwa rubani, na Collignon akiwa mtazamaji, waliruka hadi Kigoma na kuidondoshea Götzen mabomu. Wabelgiji waliamini wameipiga. Meli haikuzama. Zaidi ya hapo, wakati huo Götzen haikuwa tena ile iliyomtisha Spicer-Simson: mzinga wake wa Königsberg ulikuwa umekwisha ondolewa kwa amri ya kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, aliyeuhitaji nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa bandia wa mti. Ndege iliyobebwa nusu ya Afrika ilishambulia meli yenye modeli ya mzinga. Na kilichowatoa Wajerumani Kigoma mwishoni mwa Julai ni majeshi ya Kibelgiji chini ya Charles Tombeur, yaliyokuwa yamekwisha pita Rwanda na Burundi na kuikaribia reli.

Yote hayo nayakubali, na bado hoja haianguki. Anayesema ndege hazikufanya lolote anapima vita kwa kilichozama. Pima kwa kilichojulikana na kilichoaminiwa. Mzinga wa mti ulifanya kazi yake kwa sababu hakuna aliyeweza kuusogelea na kuukagua. Kilichowekwa pale kilikuwa umbo tupu, na umbo lilitosha kuziweka boti za Kiingereza mbali na meli hiyo. Ndege ilikuwa chombo cha kwanza cha upande wa pili kilichofika juu ya Kigoma bila kuomba ruhusa ya mizinga. Kuanzia 10 Juni, bandari ambayo Wajerumani walikuwa wameifanya ngome haikuwa tena na paa. Kusema zaidi ya hapo itakuwa kuwapa marubani ushindi wa askari wa miguu, na makala za sifa za Kibelgiji zimekwisha fanya hivyo vya kutosha. Kusema pungufu ya hapo ni kusahau kwamba pande zote mbili zilipigana kwa vitu vilivyoungwa, na kwamba kimoja kati ya vyenye nguvu zaidi kilichongwa kwa mti na hakikuwahi kufyatua risasi.

Pingamizi la tatu ndilo ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote. Modeli ni safi mno, watasema. Inaonyesha ndege iliyokamilika, imeng'arishwa, imesimama juu ya kioo, na kumficha kila aliyeileta. Ni kweli kuhusu modeli nyingi zilivyo. Inakadiriwa kwamba Wabelgiji peke yao walitumia wapagazi 260,000 hivi katika kampeni yao ya mashariki, wengi wakichukuliwa kwa nguvu, na idadi isiyo ndogo wakafa kwa njaa, kuhara na uchovu. Upande wa Waingereza, jeshi la wabeba mizigo liliacha jina lake katika mitaa: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimetokana na jina la kikosi hicho. Wale mafundi watatu wa Papenburg wanatajwa katika kila kitabu kinachosimulia habari za Götzen. Wanaume walioinua sahani za chuma wakazishikilia mahali pake huku ribiti zikigongwa hawatajwi hata mmoja. Marubani wa Tongwe wana majina. Waliobeba maboya yao kutoka behewa hadi boti na kutoka boti hadi behewa hawana.

Lakini kosa hilo si la modeli kama modeli. Vitabu vimelifanya kwanza, na kwa miaka mingi zaidi. Tena modeli ina njia ya kulirekebisha ambayo kitabu hakina: inaweza kuundwa ikiwa haijakamilika. Muundaji akikomea hatua ya katikati, akaacha bawa moja limeegemea mti, boya juu ya magogo, injini ndani ya kasha lililofunguliwa kifuniko, kamba chini, na sanamu 20 za sentimita mbili na nusu kuzunguka, ambazo mbili tu ni za Wazungu, atakuwa ameonyesha ile Mei 1916 kwa ukweli zaidi kuliko ndege 100 zinazoruka. Hatabuni chochote kwa kufanya hivyo, kwani makasha yalikuwapo na mikono ilikuwapo. Ninawasihi wanaounda modeli za vita hivi, na hasa wale wa Kalemie, Kigoma, Dar es Salaam na Nairobi wanaoweza kuchonga kwa mti bila kusubiri seti ya dukani, waanze na kasha kabla ya bawa. Mafundi wa Pwani wameunda majahazi karne na karne bila mchoro wa karatasi. Short 827, iliyo na michoro na picha, si kubwa kwao.

Behaeghe hakurudi kwao. Alifariki Niemba, ndani ya Kongo, Desemba 1916, kwa maradhi. Götzen Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916 karibu na mlango wa mto Malagarasi, baada ya mafundi wake kuzipaka injini grisi nzito ili zisiharibike majini. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakazisafisha injini na kuzikuta nzima. Mwezi Mei 1927 ilianza tena kubeba abiria na mizigo kati ya Kigoma na kusini mwa ziwa, kwa jina la Liemba.